Visanduku vitupu: shajara ya miezi sita na wauguzi wapya wanne wodi ya wazazi

Kabla ya kuanza

Mwaka jana muuguzi mpya aliacha kazi wodini kwetu akiwa hajatimiza miezi mitano tangu aripoti. Siku alipokuja kuchukua vitu vyake kabatini nilimuuliza nani kamkosea. Akasema, "Hakuna aliyenikosea, mama. Nikiuliza naonekana sikusoma, nisipouliza naogopa nitaua mtu. Nimechoka kuogopa." Stashahada yake ya miaka 3 alikuwa nayo, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga anayo. Kwa karatasi hakupungukiwa na kitu. Mimi nina miaka 19 leba, yaani chumba cha kujifungulia, zamu nyingi alizofanya nilikuwepo, na sikuona.

Mwaka huu halmashauri imetuletea wanne kwa mpigo. Nimemwomba muuguzi mfawidhi aniruhusu kuwasimamia miezi sita kwa mpango, si kwa kubahatisha, na kuandika kila hatua. Sitawataja majina. Nitawaita kwa wanakotoka: wa Makete, wa Newala, wa Muheza na wa Kibondo. Wa Kibondo ni mwanamume, wengine ni wanawake.

Mpango wenyewe ni huu. Wiki 8 za mwanzo hakuna mpya atakayeingia usiku bila mzoefu pembeni, na mzoefu huyo awe mmoja yuleyule, si leo huyu kesho yule. Kila tunapokabidhiana zamu, dakika 10 za mazoezi ya mikono. Na kaunta buku moja ya kwaya tatu ikae juu ya meza ya dawa, kila mtu aandike alichokwama nacho siku hiyo, mpya kwa mkongwe. Bajeti hakuna. Kaunta buku nimenunua mwenyewe.

Wiki ya 1

Nilikuwa nimeandaa maelezo ya vifaa, dawa za dharura zinakaa wapi, vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za afya, vinajazwaje. Katikati ya maelezo wa Muheza akaanza kusinzia. Nikasimama, nikawauliza wana maswali gani, na maswali yao hayakuwa ya leba. Cheki namba, ile namba ya mtumishi ambayo bila hiyo mshahara hauingii, inachukua muda gani kutoka? Chumba cha kulipia mwezi mmoja mmoja kinapatikana wapi, maana kila mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita? Mshahara haujaingia, na pesa waliyokuja nayo imekwisha kwenye nauli, godoro na ndoo. Wa Muheza alikuwa hajala tangu mchana wa jana yake.

Tumekubaliana wakongwe tutachangia chai na chakula cha zamu ya usiku mpaka mshahara wao utoke. Dada mmoja wa wodi ya watoto ana chumba cha uani, wawili wamehamia huko na watalipa wakipata. Hili halikuwemo kwenye mpango wangu kabisa. Ningeanza upya leo ningeliandika la kwanza.

Jambo jingine la wiki hii: wagonjwa wanamwita wa Kibondo "dokta", wenzake wa kike wenye cheti kilekile wanaitwa "nesi". Kila mara anasahihisha, taratibu, "Mimi ni muuguzi mkunga, mama." Jana mama mmoja alikataa asimpime njia. Wa Kibondo alimfunika vizuri, akaenda kumwita wa Makete, yeye akabaki kichwani pa kitanda anapima presha na kumpa maji. Hilo hakufundishwa na mtu hapa.

Wiki ya 2

Mpango umeyumba mapema. Mzoefu mmoja kaanza likizo ya uzazi, mwingine kaitwa semina ya siku tano. Wa Newala ameingia usiku mara mbili na mtu ambaye si mwenza wake.

Mkunga mwenzangu, tulioanza kazi mwaka mmoja, alinikabili chumba cha chai. "Sisi nani alitushika mkono? Tuliachiwa wodi nzima, na tukajua." Ni kweli tuliachiwa. Lakini najua pia mambo niliyojifunza kwa njia hiyo yalilipiwa na nani. Nilimtajia kijiji alichotoka mama mmoja wa mwaka wetu wa kwanza. Jina lake sikulitaja, kijiji tu. Alinyamaza muda mrefu, chai ikapoa. Kisha akasema atamchukua wa Makete.

Wiki ya 3

Mwanasesere wa kujifunzia kumsaidia mtoto mchanga kupumua tunaye siku nyingi. Alikuwa kabatini ndani ya mfuko wake, anatolewa siku za semina. Sasa analala juu ya meza kona ya leba, ambu (mfuko wa kupumulia) na barakoa pembeni yake, na kila anayeingia zamu anaambiwa: mtoto ametoka, halii. Mkaushe, msugue mgongo, mweke kichwa sawa, kama hapumui mpe pumzi. Ndani ya dakika moja awe anapumua mwenyewe au unampumulia. Ndiyo inayoitwa dakika ya dhahabu. Pumzi 40 kwa dakika, na jicho lako liwe kwenye kifua chake.

Kuna sababu ya kuchagua dakika 10 kila siku badala ya semina moja ndefu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, kule Manyara, waliwahi kulipima jambo hili. Baada ya mafunzo ya siku moja wafanyakazi walifanya vizuri kwa mwanasesere, lakini kwa watoto wenyewe chumba cha kujifungulia kazi haikubadilika. Walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini ndipo vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikapungua, na matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015. Hao ni watu wa mazingira kama yetu, umeme kama wetu, barabara mbaya kuliko yetu. Niliwasomea wenzangu nikaona wameelewa haraka kuliko nilivyotarajia.

Nilidhani mazoezi ni kwa ajili ya wapya. Siku ya pili barakoa ilivuja mikononi mwangu mimi, kifua cha mwanasesere kikakataa kuinuka mpaka pumzi ya saba. Nikamuuliza wa Kibondo nimekosea wapi. "Kidevu, mama. Umekikandamiza, ungekiinua." Nimeliandika kwenye kaunta buku, tarehe na jina langu. Mpaka siku hiyo hakuna mkongwe aliyekuwa ameandika kitu humo. Ijumaa nilikuta watatu wameandika.

Wiki ya 5

Wiki hii nimeiandika mara tatu nikichana.

Alhamisi asubuhi nilikuwa napitia mafaili ya usiku. Patografu, ile chati ya visanduku ya kufuatilia uchungu, ya mama aliyejifungua saa 10 alfajiri ilikuwa imejaa, haina pengo. Mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa: 136, 140, 138, 140, 136. Wino mmoja, mkandamizo mmoja wa kalamu kuanzia juu mpaka chini. Lakini kitabu cha ripoti kinaonyesha saa 7 na nusu usiku muuguzi huyohuyo alikuwa anampokea mama mwingine mwenye presha ya 170 kwa 110 na kumwanzishia magnesiamu, dawa ya kuzuia kifafa cha mimba. Dozi ya kwanza ya magnesiamu si kazi ya dakika mbili. Gramu 4 zinaingia mshipani polepole, gramu 5 kila tako, halafu unakaa naye unahesabu pumzi, unagonga goti, unaangalia mkojo. Katika nusu saa hiyo hakuna aliyeweka fetoskopu, kifaa cha kusikiliza mapigo ya mtoto, kwenye tumbo la yule wa kwanza.

Aliyejaza ni wa Makete, ambaye kwa bidii hakuna anayemfikia kati ya wanne wale. Nilimwita stoo, nikafunga mlango. "Haya ya saa 7 na nusu ulipima?"

"Hapana, mama. Nilijaza baada ya mtoto kutoka."

Nikamuuliza kama chuoni walimfundisha hivyo. Akasema chuoni waliambiwa unaandika ulichopima, muda uleule ulipopima. Sasa kajifunza wapi? Aliinamisha kichwa.

"Nilikuona wewe, wiki ya pili. Nikajua kazini ndivyo inavyofanyika."

Usiku huo naukumbuka. Kulikuwa na mama watano, wawili wanasukuma kwa pamoja. Watoto wakatoka wazima, mama zao wazima, na saa 12 asubuhi nikaketi nikajaza visanduku ili faili likamilike kabla ya kukabidhi. Sikuhisi nadanganya. Nimefanya hivyo kwa miaka mingi mpaka mkono unajaza wenyewe. Najua wodi nyingine nyingi wanafanya hivyo, na kila mkunga atakayesoma hapa anajua ninachosema.

Lakini patografu haikutengenezwa kuonyesha kwamba kazi imekwisha. Ile mistari miwili, wa tahadhari na wa kuchukua hatua, imetenganishwa kwa saa 4 ili mtu aliye kituo cha mbali apate muda wa kutafuta gari. Ina kazi pale tu alama inapowekwa mama akiwa bado na uchungu. Ukiijaza mtoto akiwa ameshafungwa kitenge, hakuna mtu iliyemsaidia.

Nilikuwa nahangaika na dakika 10 za kuwafundisha. Saa zile nyingine zote za zamu nazo walikuwa wanajifunza, kwa macho, na mwalimu nilikuwa mimi.

Wiki ya 6

Nimeitisha kikao cha leba nzima. Nilieleza kilichotokea bila kumtaja wa Makete, nikasema aliyeonwa akijaza ni mimi. Halafu nikapendekeza: ambacho hakikupimwa, kisanduku kibaki kitupu, na pembeni uandike sababu kwa maneno mawili matatu. "Niko peke yangu." "Niko chumba cha upasuaji." "Napokea kifafa cha mimba."

Ubishi ulikuwa mkali, na hofu yao ina msingi. Faili lenye mapengo linaweza kukusimamisha mbele ya watu wanaouliza ulikuwa wapi. Mmoja alisema, "Wewe mama umebakiza miaka michache ustaafu, sisi tuna watoto shule." Sikuwa na jibu la kumtosha. Muuguzi mfawidhi ndiye aliyejibu: kila kisanduku kitupu chenye sababu atakisaini yeye asubuhi, ili kikiulizwa kiwe chake pia. Hapo ndipo wakakubali, wengine nusu nusu.

Tumechanga tukanunua saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde. Ile ya zamani ilisimama mwaka juzi, na tulikuwa tunahesabu mapigo kwa simu.

Wiki ya 8

Timu ya usimamizi ilipita. Walichomoa patografu 10, wakakuta 6 zina mapengo. Alama zetu zimeshuka kuliko robo iliyopita, na wameandika kwamba wafanyakazi wapya waongezewe mafunzo ya kujaza patografu. Nilieleza, nikawaonyesha maneno ya pembeni. Mmoja wao alisoma hayo maneno moja moja mpaka mwisho, wengine walikuwa na haraka ya kituo kinachofuata.

Wa Makete alisikia. Jioni akaniuliza, "Mama, turudi kama zamani?" Nilimwambia hapana. Sikulala vizuri siku hiyo.

Wiki ya 9

Zoezi la damu. Kila mtu kwenye ripoti huandika "damu kiasi", "damu nyingi kidogo", na neno hilo kila mmoja ana lake. Wa Muheza alichemsha rozela nyumbani kwake, akaileta kwenye dumu. Yeye peke yake alitandika kanga juu ya makintoshi (mpira wa kitandani), pedi mbili, akamwaga chupa moja ya maji ya nusu lita iliyojaa rozela, sisi wengine tukiwa nje. Kisha tukaingia mmoja mmoja kukadiria kwa macho.

Nusu lita ndipo tunapohesabu kwamba mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida anatokwa damu kupita kiasi. Kati ya watu 11, tisa walisema chini ya hapo. Mimi nilisema mililita 300. Mkunga wa miaka 24 kazini alisema 200. Kanga inameza, pedi inameza, na nyingine inajificha chini ya mgongo. Waliokaribia ni wa Newala na mhudumu wetu wa usafi, ambaye hajasomea uuguzi. Tulipomuuliza kajuaje alisema yeye ndiye anayezikamua.

Tangu siku hiyo tunapima kanga na pedi kwenye mizani ya watoto, tunatoa uzito wa zilizo kavu. Gramu moja tunaihesabu mililita moja. Mhudumu wa usafi tumemwomba akiona nguo imelowa kuliko kawaida aseme kwa sauti, hata kama daktari yupo.

Wiki ya 12

Wa Newala amempoteza mtoto. Ni wa kwanza kumfia mkononi.

Usiku walikuwa wawili. Saa 7 na robo mwenza wake alikwenda na mama wa upasuaji, kwa kuwa lazima mkunga awepo kumpokea mtoto kule. Wa Newala akabaki na mama wanne. Mmoja akajifungua saa 8, damu ikawa nyingi, akasugua tumbo, akachoma oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, akapiga kelele mhudumu amsaidie, damu ikasimama. Aliporudi kitanda cha tatu ilikuwa saa 9 kasoro. Mapigo ya mtoto 90. Akamlaza mama ubavu, akamwita daktari, na daktari yumo ndani ya upasuaji uleule, meza ya upasuaji ni moja. Mtoto alitoka saa 9 na dakika 25, hana nguvu. Akampumulia kama kwenye kona yetu, kifua kinainuka vizuri. Mapigo hayakupanda. Saa 10 wakaacha.

Nilipofika asubuhi nilimkuta chumba cha kuoshea vifaa, ameinamia sinki, bomba liko wazi ili asisikike. Mmoja wetu alikuwa amempitia akamwambia, "Utazoea." Alisema kwa kumhurumia, najua, nami nimewahi kuwaambia wengine neno hilohilo. Leo nilimwambia wa Newala kwamba sitaki azoee. Nikafunga bomba, tukakaa juu ya ndoo zilizofunikwa, sikuwa na la kumwambia zaidi. Aliongea yeye. Alirudia kuuliza kama angeanza na kitanda cha tatu ingekuwaje. Nilimwambia ukweli: huenda mtoto angeishi na yule wa damu angekufa.

Baadaye tukaenda pamoja kwa mama wa mtoto. Nilimwambia anaweza kubaki nje, akakataa. Alimshika mkono akasema, "Pole sana mama, mimi ndiye niliyekuwa na wewe." Bibi wa mtoto, mama mkwe, alimtazama sana, halafu akamsogezea kiti.

Siku mbili tumempumzisha. Wenzake watatu wamegawana zamu zake bila kuombwa.

Wiki ya 13

Kikao cha mapitio ya kifo. Nimehudhuria vikao hivi zaidi ya mara 30, na kwa kawaida patografu inawekwa mezani imejaa, mapigo mazuri mpaka mwisho, kisha mtoto amekufa ghafla na hakuna anayeweza kueleza. Tunaandika "mama alichelewa kufika" tunaendelea.

Safari hii patografu ilikuwa na visanduku vitatu vitupu, saa 7 na nusu, saa 8, saa 8 na nusu. Pembeni, kwa mwandiko wa wa Newala: "peke yangu, mama 4, PPH kitanda cha 1". PPH ndiyo damu kupita kiasi baada ya kujifungua. Mganga mfawidhi aliuliza mwenza alikuwa wapi. Kitabu cha upasuaji kikajibu. Akauliza inatokea mara ngapi. Muuguzi mfawidhi akatoa patografu zote alizosaini tangu wiki ya 6. Tukahesabu mezani: visanduku vitupu 71 vya usiku, na 48 kati yake vina neno "upasuaji" pembeni.

Chumba kilikaa kimya. Miaka yote tulikuwa tunaomba mtu wa tatu wa usiku kwa barua, na barua inarudi ikisema takwimu zinaonyesha ufuatiliaji wa wajawazito ni mzuri. Takwimu hizo tulizijaza sisi wenyewe alfajiri.

Wiki ya 16

12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani. Mishumaa, sare nyeupe, kiapo. Wa Newala hakutaka kwenda, sikumlazimisha. Alikwenda zamu badala yake ili wa Muheza ahudhurie.

Wiki ya 19

Amepatikana mtu wa tatu usiku, ametolewa wagonjwa wa nje. Si kila usiku, ni usiku nne kwa wiki, na kazi yake iliyoandikwa ni kwenda upasuaji ili wawili wabaki leba. Usiku tatu bado tuko kama zamani. Nimemwomba muuguzi mfawidhi tuhesabu visanduku vya usiku nne na vya usiku tatu kando kando, mwezi mmoja.

Cheki namba za wote zimetoka tangu mwezi wa tatu. Chumba cha uani kimelipwa, na wawili wale wamekataa kuhama.

Wiki ya 24

Wote wanne wapo. Wa Kibondo anaongoza mazoezi ya mwanasesere, wakongwe wanamwogopa kwa kidevu. Wa Makete ameomba apangwe wodi ya watoto njiti, nimemsainia ingawa namhitaji. Wa Newala juzi usiku alimpumulia mtoto aliyetoka na kitovu shingoni. Nilikuwa nyuma yake, sikunyoosha mkono. Mtoto alilia sekunde ya 70 kwa saa ya ukutani. Aliandika muda, akanawa, akarudi kitanda kilichofuata kusikiliza mapigo.

Visanduku vitupu vya mwezi: usiku wenye watu watatu, 6. Usiku wenye watu wawili, 29. Barua inaandikwa.

Wiki ijayo wanaripoti wengine wawili. Kununua: kaunta buku mpya, ya kwanza imejaa, betri ya saa, mchele na maharage ya zamu ya usiku. Kuuliza dada wa wodi ya watoto kama kuna jirani mwenye chumba.